Samuel Coleridge-Taylor, Mtunzi wa Muziki

Mtoto ambaye baba yake ni wa taifa moja na mama yake ni wa taifa jingine huulizwa swali ambalo watoto wengine hawaulizwi: yeye ni wa watu gani? Watu wa upande huu humwambia kwamba si mwenzao, na watu wa upande ule humwambia vivyo hivyo. Katika miji yetu, ya pwani na ya bara, wako wengi wa namna hiyo. Huenda hata wewe usomaye habari hizi u mmoja wao, au rafiki yako akaaye nawe katika benchi moja. Wazee husema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mtu mwenye asili mbili afanyeje? Akiishika moja, je, aitupe ya pili?

Leo tutasoma habari za mtu aliyeulizwa swali hilo tangu utoto wake katika nchi ya Uingereza, akalijibu kwa kazi ya mikono yake. Jina lake lilikuwa Samuel Coleridge-Taylor.

1. Kuzaliwa na kulelewa kwake

Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone, nchi iliyo katika pwani ya Afrika ya Magharibi. Alikuwa mtu wa Wakrio, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa waliowekwa huru wakakaa katika mji wa Freetown. Kijana huyu alikwenda Uingereza kusoma, akajifunza udaktari mjini London, akafaulu. Huko alijuana na msichana Mwingereza, jina lake Alice. Hawakuoana, na Daktari Taylor alirudi Afrika kabla mtoto hajazaliwa. Yamkini hakujua kwamba ana mtoto. Alifanya kazi yake huko Afrika ya Magharibi, wala mwanawe hakulelewa naye.

Mtoto alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake alimwita Samuel Coleridge Taylor, kwa kufuata jina la mshairi mashuhuri wa Kiingereza, Samuel Taylor Coleridge. Basi tangu siku ya kwanza jina lake lilikuwa na pande mbili: Taylor lilikuwa jina la baba yake Mwafrika, na Coleridge lilikuwa jina la mshairi wa nchi ya mama yake. Baadaye majina hayo yaliunganishwa kwa alama, yakawa jina moja.

Alice na mtoto wake walikaa Croydon, mji ulio kusini ya London, katika nyumba ya mzee Benjamin Holmans. Mzee huyu alikuwa fundi wa kupigilia viatu vya chuma katika kwato za farasi. Hakuwa na mali wala elimu kubwa, lakini alipenda muziki, naye alijua kupiga fidla. Mjukuu alipokuwa bado mdogo sana, mzee alimpa fidla ndogo, akamwonyesha jinsi ya kuishika na kuweka vidole. Hivyo mlango wa kwanza wa elimu yake ulifunguliwa na mtu wa kazi ya mikono.

Shuleni Samuel alikuwa mtoto wa rangi nyeusi kati ya watoto weupe. Wenzake walimtania, wakampa jina la makaa kwa ajili ya rangi yake. Alikuwa mtoto mpole na mwenye haya, hakupenda ugomvi. Walakini alipoimba au kupiga fidla, wale wale waliomcheka walinyamaza kumsikiliza.

Siku moja Bwana Joseph Beckwith, kiongozi wa wapiga vyombo katika jumba la michezo la Croydon, alitazama dirishani, akamwona mtoto mweusi akicheza gololi barabarani, na katika mkono wake mmoja ameshika fidla. Akamwita ndani, akamwekea karatasi ya muziki ajaribu kuipiga. Mtoto akaipiga vizuri. Tangu siku hiyo Bwana Beckwith alimfundisha kwa miaka kadhaa.

Rafiki wa pili alikuwa Kanali Herbert Walters, aliyesimamia kwaya ya kanisa ambamo Samuel aliimba. Kanali alitambua kwamba mtoto huyu ana kipawa ambacho hakifai kuachwa kipotee. Jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kumpeleka mbali. Kwa hiyo Kanali alimsaidia apate nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Muziki mjini London.

2. Masomo ya chuoni

Aliingia chuoni katika mwaka wa 1890, alipokuwa na umri wa miaka 15. Mwanzo alijifunza fidla. Lakini moyo wake ulikuwa katika kutunga, akahamia kwa Bwana Charles Stanford, aliyekuwa mwalimu mkali na mtunzi mwenye sifa nyingi. Mwaka wa 1893 alishinda katika mashindano ya utunzi, akapewa msaada wa masomo.

Hata huko chuoni dharau haikukoma. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanafunzi mwenzake alimtukana kwa rangi yake, na Bwana Stanford akayasikia maneno hayo. Alimwita Samuel pembeni, akamfariji kwa kumwambia kwamba kidole chake kidogo kina muziki mwingi kuliko mwili mzima wa yule aliyemtukana. Mwalimu hakuweza kuzuia matusi ya dunia, lakini alimwonyesha mwanafunzi wake kwamba ameiona kazi yake.

Samuel hakupoteza muda kwa kujibizana. Alijibu kwa bidii. Alipotoka chuoni katika mwaka wa 1897 alikuwa na vitabu vizima vya muziki alioutunga mwenyewe.

3. Kuufahamu upande wa baba

Mpaka wakati huo Samuel aliujua upande mmoja tu wa asili yake. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, nyumba yake ilikuwa Croydon, na muziki wake ulikuwa wa Ulaya. Uafrika wake aliujua zaidi kwa matusi ya barabarani. Hakuwa na baba wa kumsimulia habari njema za watu wake.

Ndipo wakaja wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Mmoja wao alikuwa Frederick Loudin, kiongozi wa waimbaji weusi wa Marekani walioitwa Fisk Jubilee Singers. Waimbaji hawa waliimba nyimbo za kiroho ambazo wazee wao walizitunga wakiwa utumwani. Coleridge-Taylor alizisikia, akaona kwamba katika nyimbo hizo umo uzuri mkubwa, na tena kwamba uzuri huo unamhusu yeye. Wazee wa baba yake walikuwa watu waliofunguliwa minyororo. Waimbaji hawa nao walikuwa wana wa watu waliofunguliwa minyororo.

Mwingine alikuwa Paul Laurence Dunbar, kijana mshairi wa Marekani, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Alifika London mwaka wa 1897. Vijana hawa wawili wakapatana, wakafanya maonyesho pamoja: Dunbar alisoma mashairi yake, na muziki wa Coleridge-Taylor ukapigwa. Samuel akaanza kutunga nyimbo kwa maneno ya Dunbar, na kuzipa kazi zake majina ya Afrika.

Angalia vema jambo hili. Kijana aliyekuwa akiitwa makaa aliwaona watu wenye rangi kama yake, wenye elimu, adabu na ufundi, wakishangiliwa na halaiki ya watu. Ilikuwa kama mtu aliyekaa maisha yake yote pasipo kioo, kisha akaonyeshwa uso wake kwa mara ya kwanza. Tangu hapo hakuona haya tena kuitaja Afrika. Wala hakuutupa Uingereza. Alijitaja kuwa mtu wa Uingereza na wa Afrika pia.

Katika mwezi wa Julai 1900 watu weusi kutoka nchi mbalimbali walikutana London kushauriana juu ya haki zao, nao waliuita mkutano wao Mkutano wa Waafrika Wote. Coleridge-Taylor alikuwa mmoja wao, akasimamia muziki wa mkutano. Hapo alikutana na mwanachuoni wa Marekani, W. E. B. Du Bois, ambaye naye alikuwa na wazee wa Afrika na wa Ulaya katika ukoo wake.

4. Karamu ya Hiawatha

Mwaka wa 1898 ulikuwa mwaka wa heri kwake. Mtunzi mkubwa Edward Elgar aliombwa atunge muziki kwa ajili ya sikukuu ya muziki katika mji wa Gloucester. Kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, aliwaambia wenye sikukuu wamtake Coleridge-Taylor. Kijana akatunga, na mwezi wa Septemba muziki wake ukapigwa, watu wakausifu sana.

Halafu tarehe 11 Novemba 1898 kazi yake iliyo mashuhuri kupita zote iliimbwa kwa mara ya kwanza katika chuo chake cha zamani, na Bwana Stanford mwenyewe akiwa mwongozi. Iliitwa Karamu ya Arusi ya Hiawatha. Maneno yake yametoka katika shairi refu la Longfellow, mshairi wa Marekani, juu ya shujaa mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Jumba lilijaa watu. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 23 tu, na inasimuliwa kwamba kwa haya alijificha wakati watu walipokuwa wakimtafuta wamshangilie.

Katika muda mfupi kwaya za Uingereza nzima zilitaka kuiimba. Aliongeza sehemu mbili nyingine, na katika mwaka wa 1900 zote tatu ziliimbwa pamoja katika Jumba la Royal Albert, lililo moja katika majumba makubwa ya muziki ya London.

Lakini katika furaha hiyo lilikuwamo kosa lililomgharimu maisha yake yote. Alipokuwa bado hajajulikana, aliiuza Karamu ya Arusi kwa wachapaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, bila kujiwekea fungu katika mauzo yatakayofuata. Maelfu na maelfu ya nakala zikauzwa, wachapaji wakapata faida kubwa, naye hakupata zaidi. Wakati ule hakuwa mwenye kujua mambo ya biashara, naye alihitaji fedha upesi. Kwa sababu hiyo ilimbidi kufanya kazi nyingi mno ili kuwalisha jamaa zake.

5. Nyumba yake

Chuoni alijuana na Jessie Walmisley, msichana Mwingereza aliyekuwa akisoma muziki. Walipotaka kuoana, jamaa za Jessie walikataa kwa ajili ya rangi ya kijana. Walipinga kwa muda mrefu. Jessie alisimama imara, na mwisho wazazi wake wakakubali. Wakaoana tarehe 30 Desemba 1899.

Walizaliwa watoto wawili. Wa kwanza, mwanamume, aliitwa Hiawatha; wa pili, binti, alizaliwa mwaka wa 1903, akaitwa Gwendolen Avril. Binti huyu alipokuwa mtu mzima alikumbuka jinsi alivyotembea na baba yake katika barabara za Croydon. Vijana wahuni walipowakaribia ili kuwatukana, baba hakujibu neno, ila aliubana mkono wa mtoto wake kwa nguvu, karibu kumwumiza. Kwa mkono huo twaweza kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Watu walimshangilia ndani ya majumba ya muziki, na nje ya majumba hayo wengine walimtukana. Na mtu yule yule alipaswa kuyachukua yote mawili.

6. Safari za Marekani

Habari za Coleridge-Taylor ziliwafikia watu weusi wa Marekani. Watu hao walikuwa wamewekwa huru tangu mwaka wa 1865, lakini bado walitengwa katika shule, katika magari ya reli na katika kazi. Wengi walikuwa, kama yeye, na damu ya Afrika na ya Ulaya pamoja, nao waliambiwa mara kwa mara kwamba damu ya Afrika haiwezi kuzaa mtu wa elimu ya juu. Sasa walisikia kwamba mwana wa Mwafrika ametunga muziki ambao Waingereza wenyewe wanaugombania.

Katika mji wa Washington waliunda kwaya yao mwaka wa 1901, wakaipa jina la Coleridge-Taylor. Ilikuwa na waimbaji wapata 200, wote weusi. Walijifunza Hiawatha kwa bidii, kisha wakamwita mtunzi aje aiongoze mwenyewe. Alifika mwezi wa Novemba 1904. Katika jumba kubwa la Washington alisimama mbele ya kwaya ya watu weusi na wapiga vyombo weupe wa Jeshi la Wanamaji, akawaongoza wote kwa kijiti kimoja. Halafu waliimba katika mji wa Baltimore. Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alimpokea katika nyumba yake. Alirudi tena Marekani katika mwaka wa 1906 na 1910.

Kwa watu wale haikuwa burudani tu. Wazazi waliwaleta watoto wao wamwone. Kama vile yeye mwenyewe alivyojiona katika Loudin na Dunbar, hivyo watoto hao walijiona katika yeye. Naye hakurudi mikono mitupu. Mwaka wa 1905 alitoa kitabu cha nyimbo 24 za watu weusi, za Afrika na za Marekani, akizipanga kwa piano, na Booker T. Washington, mwalimu mkuu wa chuo cha Tuskegee, aliandika utangulizi wake. Alitaka nyimbo za watu wa baba yake zipewe heshima ile ile ambayo watunzi wengine wa Ulaya walizipa nyimbo za watu wao.

7. Mwisho wake

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi nyingi. Alifundisha katika vyuo, aliongoza kwaya mbalimbali, alihukumu mashindano ya muziki, alisafiri kwa reli huku na huko, na usiku alitunga. Katika mwaka wa 1912 watu fulani wa karibu na Croydon walifanya majadiliano ya kuwadharau watu weusi. Coleridge-Taylor, ambaye katika utoto alinyamaza, safari hii aliandika katika gazeti la mji kuwakemea hadharani.

Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka katika stesheni ya reli ya West Croydon. Alishikwa na ugonjwa wa kichomi, na mwili wake uliochoka haukuwa na nguvu ya kushindana nao. Inasimuliwa kwamba kitandani aliendelea kupunga mikono kana kwamba anaongoza waimbaji. Alifariki tarehe 1 Septemba 1912, akiwa na umri wa miaka 37. Juu ya kaburi lake imechongwa mistari ya muziki wa Hiawatha.

Mjane na watoto waliachwa na fedha kidogo. Rafiki zake walifanya tamasha katika Jumba la Royal Albert ili kuwasaidia, na Mfalme akampa mjane pensheni. Kisa cha zile gini 15 kiliwaamsha watunzi wengi, na mwaka wa 1914 ulianzishwa Uingereza umoja wa kulinda haki zao, ili muziki wao upigwapo hadharani wapate fungu lao.

Binti yake Avril naye alikuwa mtunzi na mwongozi wa muziki. Mwaka wa 1952 alikwenda Afrika Kusini, ambako serikali ya wakati ule iliwatenga watu kwa rangi. Avril alionekana kama Mzungu, na hapo kwanza hakuipinga sheria hiyo. Lakini serikali ilipojua kwamba baba ya baba yake alikuwa Mwafrika, alinyimwa kazi. Asili aliyoinyamazia ilitumiwa na wengine kumfungia mlango.

Lakini katika Marekani jina la baba yake liliendelea kuheshimiwa. Shule kadhaa ziliitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1932 mama mmoja mweusi, aliyekuwa mwalimu wa muziki, alimzaa mtoto wa kiume, akampa jina la Coleridge-Taylor Perkinson. Naye alipokua akawa mtunzi wa muziki mwenye sifa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Samuel Coleridge-Taylor hakuchagua upande mmoja na kuutupa wa pili. Kutoka kwa babu Mwingereza alipata fidla. Kutoka kwa watu wa baba yake alipata nyimbo za kutia katika fidla hiyo. Mwacha asili ni mtumwa: yeye alikuwa na asili mbili, akazishika zote mbili, akawa huru. Nawe, ukiwa na mwenzako ambaye wazazi wake ni wa mataifa mawili, usimwulize ni wa watu gani. Mwulize anajua kufanya nini, nawe umsikilize.

Maswali

1. Kwa nini jina la Samuel lilikuwa na pande mbili?
2. Ni nani waliomsaidia katika utoto, na kila mmoja alimsaidia kwa njia gani?
3. Loudin na Dunbar walimwonyesha nini ambacho hakukijua?
4. Eleza kosa la kuuza Karamu ya Arusi kwa gini 15, na faida iliyotokea baadaye kwa watunzi wengine.
5. Andika kwa maneno yako maana ya methali Mwacha asili ni mtumwa, kwa mtu mwenye asili mbili.